Nampendekezaje profesa asiyetaka kusifiwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkuu wa idara ya kilimo katika chuo kikuu kimoja mashariki mwa Uganda. Chuo chetu kimeanzisha cheo kipya cha Profesa Mashuhuri, na kila idara imetakiwa kupeleka jina kabla ya mwisho wa muhula. Sisi sote tunamwona mama mmoja, profesa wa magonjwa ya mimea, ambaye kwa zaidi ya miaka 25 ameshughulika na mihogo ya wakulima wa Teso na Bukedi. Nilipomgusia alicheka, akasema, "Hayo waachieni vijana." Sijawahi kuandika barua ya namna hii. Niandike nini? Nani wengine waandike? Na nitaepukaje maneno ya watu kwamba nampendelea kwa sababu ndiye aliyenisimamia shahada ya uzamivu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Jambo zito umeliweka mwishoni kabisa, kama mgonjwa anayemsimulia daktari habari za mafua nusu saa nzima, kisha akishashika kitasa cha mlango ndipo anasema kifua kinambana. Profesa huyu alikusimamia uzamivu. Tuanzie hapo.

Mwanafunzi kumpendekeza mwalimu wake si dhambi. Kwa nchi kama yetu, ambako fani moja yaweza kuwa na maprofesa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ukisema mtu asipendekezwe na yeyote aliyepita mikononi mwake, utakosa mpendekezaji. Dhambi ni kuficha. Na kuficha kwenyewe hakufai kitu, kwa kuwa kwenye kamati hakukosi mtu aliyekuwapo siku ya utetezi wa tasnifu yako. Kwa hiyo lisemwe mapema, na lisemwe kwa ukavu: alinisimamia kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, na tumeandika pamoja makala kadhaa. Sentensi moja inatosha. Usijitetee baada ya hapo, kwa sababu kujitetea ndiko kunakotia shaka.

Hata hivyo, kama sheria za chuo chenu zinaruhusu, ningependa sahihi ya kwanza isiwe yako. Mtafute profesa kamili wa idara jirani, mtu wa sayansi ya udongo au wa uchumi kilimo, asiye na deni kwa mama huyo, aweke jina lake kama mpendekezaji. Wewe fanya kazi ya kukusanya na kupanga. Kwenye kikao cha idara, jina hilo likifika mezani, ondoka kwenye kiti cha mwenyekiti, mwingine aongoze ajenda hiyo, na kumbukumbu za kikao ziandike hivyo. Ukurasa huo mmoja wa kumbukumbu utakufaa kuliko viapo vyote, siku watu wa korido watakapoanza kunong'ona.

Somo hili nililipia. Miaka mingi iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, nilimwandalia mwenzetu faili la cheo cha juu. Lilikuwa nene kama mto wa kulalia, na ndani yake mlikuwa na barua saba za kumuunga mkono. Nilijiona fundi. Kwenye kikao, mjumbe mmoja, mama wa hisabati asiye na maneno mengi, alichukua penseli akawa anaandika pembeni mwa kila jina: mwanafunzi wake, mwandishi mwenza, mwanafunzi wake, walisoma pamoja, mwanafunzi wake. Zikabaki barua mbili. Akazisoma kimya, akazilaza sambamba mezani, akasema, "Hizi zimeandikwa na mtu mmoja." Alisema kweli. Wenye barua hizo walikuwa na shughuli nyingi, wakaniomba niwaandikie rasimu, nami nikawaandikia, na kosa moja la tahajia likajirudia katika barua zote mbili. Mwenzetu alikosa cheo mwaka ule. Alistahili kukipata. Aliyemkosesha ni mimi.

Sasa cheo chenyewe, maana naona watu wanachanganya mambo. Ngazi za kawaida unazijua: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Hizo mtu huomba mwenyewe, akajaza fomu, akapanda au akakwama. Cheo mnachokiita Profesa Mashuhuri kiko juu ya ngazi ya mwisho, na desturi yake ni kupendekezwa na wenzako. Profesa wa heshima baada ya kustaafu ni jambo jingine: huyo amekwisha kuondoka kazini na chuo kimemwachia jina, pengine na meza. Shahada ya heshima ni jingine tena, hata mfanyabiashara aweza kupewa.

Halafu kuna kiti cha uprofesa. Kiti kina jina la mtu, na mara nyingi kina fedha zilizowekwa ili faida yake imlipe anayekikalia na kuendesha utafiti wake. Kiti cha Lucas pale Cambridge kilianzishwa mwaka 1663 kwa wasia wa Henry Lucas. Isaac Newton alikikalia kuanzia 1669, na Stephen Hawking kuanzia 1979 hadi 2009. Mwana wa Mombasa, Ali Mazrui, aliyefundisha Makerere mpaka utawala wa Idi Amin ukamlazimu kuondoka mwaka 1973, baadaye alikalia kiti cha Albert Schweitzer katika chuo cha Binghamton, New York. Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala, ana kiti cha Herbert Lehman katika chuo cha Columbia, New York. Na wenzetu wa Dar es Salaam walianzisha mwaka 2008 Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, wa kwanza kukikalia akiwa Issa Shivji. Nalipenda sana neno hilo, kigoda. Waganda wenye Namulondo yao, kiti cha enzi cha Kabaka, hawahitaji kufundishwa kwamba kiti chaweza kuwa kikubwa kuliko mwenye kukikalia.

Chenu si kiti. Chenu ni kama kile alichokuwa nacho marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehitimu Makerere mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha California, Irvine: cheo anachopewa mtu binafsi kwa uzito wa kazi yake, na akiondoka anaondoka nacho. Tofauti hii si ya kupamba maelezo. Kiti hujazwa kwa sababu kiko wazi, na kamati huuliza nani akikalie. Cheo hiki hakina nafasi iliyo wazi inayolia kujazwa. Kamati inaweza kabisa kusema "hakuna" ikaenda kunywa chai. Kwa hiyo usiandike kana kwamba mama huyo anashindana na profesa wa idara ya pili. Anashindana na neno "hakuna".

Na hilo neno "mashuhuri" lina mtego. Kwa Kiswahili cha kila siku, mashuhuri ni mtu anayejulikana na wengi. Mtangazaji wa redio Kampala ni mashuhuri kuliko wanasayansi wote wa kituo cha utafiti cha Namulonge wakiwekwa pamoja. Cheo hakipimi hivyo. Kinapima kama wajuzi wa fani, walioko mbali na wasio na faida naye, wanamhesabu kuwa miongoni mwa wanaobeba fani hiyo. Wako wanaopenda kusema "profesa mbobezi", na nadhani wamekaribia zaidi. Lakini chuo kimeshachagua neno lake, tusigombane nacho. Jua tu kwamba mjumbe mmoja au wawili watalisoma jina hilo wakawaza televisheni, na barua yako iwarudishe taratibu kwenye mihogo.

Kabla hujaandika neno lolote, pata karatasi ya vigezo. Chini ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001, Baraza la Chuo ndilo lenye kauli ya mwisho, Seneti inashika mambo ya taaluma, na Bodi ya Uteuzi inashughulika na ajira na upandishaji. Ulizia vigezo vya cheo hiki vilipitishwa wapi na lini, na upate nakala yenye tarehe. Usiridhike na tangazo la barua pepe. Vyuo vilivyozoea mambo haya huyapanga kwa uwazi: Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, kwa mfano, kina mikondo mitatu ya cheo cha namna hii kwa maprofesa wake, mmoja wa utafiti, mmoja wa ufundishaji na mmoja wa huduma, na bodi ya wadhamini ndiyo inayokitoa. Kama chenu kina mikondo, chagua mmoja. Mtu anayeelezwa kuwa bora katika yote matatu kwa uzito uleule huonekana wa kawaida katika yote matatu. Kwa jinsi ulivyonieleza, huyu wa kwenu ni wa utafiti uliofika shambani, na ufundishaji uwe nyuma yake kama kivuli.

Kuhusu fedha hukuuliza, lakini watakuuliza. Soma vigezo: kama havitaji posho wala fungu la utafiti, basi hakuna.

Tuje kwake mwenyewe. "Hayo waachieni vijana" si kukataa, ni adabu. Kwetu mtu mzima hashiki ngoma yake mwenyewe akaipiga. Lakini usimzunguke ukapeleka jina lake kimyakimya, kwa sababu utahitaji vitu ambavyo ni yeye tu anavyo, na kwa sababu si haki mtu ajadiliwe na watu kumi na wawili bila kujua. Mwendee tena. Usimwambie "unastahili", atacheka tena. Mwambie faili hili litabaki kwenye kumbukumbu za chuo, na kwamba wanafunzi wake wa uzamivu wakiomba fedha za utafiti kesho, jina la idara litakuwa na uzito zaidi. Watu wa namna yake hawajifanyii wenyewe jambo, ila kwa wanafunzi wao hufanya.

Wengine watakuambia kizuri chajiuza. Sokoni labda. Kwenye kamati nilizokaa sijaona kizuri kikijiuza hata siku moja, maana waliokaa pale ni mwanasheria, mtu wa fizikia, mkutubi, na mhasibu wa zamani aliyeteuliwa na serikali, na hakuna hata mmoja anayejua batobato, ule ugonjwa wa majani ya muhogo, ni nini. Faili lisipowaeleza, hawataelezwa na mtu.

Akikubali, omba alasiri mbili za muda wake. Wasifu wake hautoshi. Wasifu ni orodha ya vilivyochapishwa, nao husahau yaliyofanyika. Niliwahi kukaa barazani kwa mzee mmoja wa jiolojia, nina wasifu wake wa kurasa 19 magotini, nimeupigia mistari kama mwanafunzi. Nikamuuliza swali moja: "Mzee, ni kitu gani kisingekuwepo kama usingekuwepo?" Akanyamaza. Akaingia ndani, akatoka na daftari la jalada jekundu, kingo zimeliwa na mende, ndani yake michoro ya kalamu ya risasi ya visima vya wilaya nzima: kina, aina ya mwamba, mwezi ambao maji hukatika. Wachimba visima walikuwa wakija kwake kwa miaka kunakili ukurasa. Hakuna mstari hata mmoja wa wasifu wake uliolitaja daftari lile. Tulilipiga picha kurasa nne, tukaomba barua fupi kwa mhandisi wa maji aliyelitumia, na hapo ndipo barua yetu ikapata uti wa mgongo.

Swali hilohilo mpelekee mama. Nakisia majibu yatapita kwenye historia unayoijua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza upande wa kaskazini wa Luwero, ikasambaa, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imefagia mihogo katika sehemu kubwa ya nchi. Teso waliumia mara mbili, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamekwisha katika misukosuko ya miaka hiyo na muhogo ndio uliokuwa umebaki. Baadaye ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ulionekana tena Uganda mwaka 2004, na huo ni mwongo: jani laweza kuonekana zima kabisa na kumbe mzizi ardhini umeoza. (Nimeona mafaili ya namna hiyo. Majani mazuri, ukichimba hakuna kitu.) Yeye alikuwa wapi katika hadithi hii? Alifanya nini ambacho mwingine hakukifanya?

Na hapo uwe mkweli mpaka uumie. Aina za mihogo zinazostahimili, zile za NASE, zimetoka kwa watafiti wa kituo cha taifa pale Namulonge. Usimpe mama kazi ya Namulonge. Mjumbe mmoja akijua ukweli, atatilia shaka kila sentensi iliyobaki. Lakini aina mpya haijitembezi yenyewe hadi Pallisa. Kuna aliyefundisha vikundi vya wakulima kuchagua pingili safi na kung'oa mashina yenye ugonjwa kabla inzi weupe hawajausambaza. Kuna aliyepima ni baada ya misimu mingapi mbegu safi huchafuka tena. Ikiwa sehemu hiyo ndiyo yake, andika sehemu hiyo, kwa mwaka na kwa wilaya. Sehemu ndogo iliyo yake kweli ina nguvu kuliko nzima ya kuazima.

Barua ya mapendekezo isizidi kurasa tatu. Aya ya kwanza ndiyo itakayosomwa na wote. Zilizobaki zitasomwa na wawili. Sasa nikuonyeshe. Barua nyingi za kwetu huanza hivi: "Ni kwa furaha kubwa na unyenyekevu kwamba napendekeza jina la Profesa, mchapakazi, mpole, mwenye upendo wa mama kwa wanafunzi wake na mfano wa kuigwa kwa wanawake wote." Ukiondoa jina, barua hiyo inamfaa hata msimamizi wa bweni. Jaribu badala yake kitu kama hiki, ukijaza ukweli wako: "Wakulima wa wilaya kadhaa za Teso leo hukagua shamba la mihogo kabla ya kukata pingili za kupanda. Utaratibu huo ulijaribiwa kwanza na Profesa huyu pamoja na vikundi vya wakulima mwaka fulani. Matokeo yalichapishwa mwaka fulani. Na ofisi za kilimo za wilaya fulani na fulani zikauchukua." Hakuna sifa hata moja humo. Msomaji ataziweka mwenyewe, na sifa aliyoiweka mwenyewe haiwezi kumtoka.

Hilo la "upole" na "upendo wa mama" lina jambo zaidi. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 zilizowapendekeza walimu wa chuo kimoja cha udaktari Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, zilitaja bidii na ufundishaji kuliko utafiti, na mara nyingi zaidi zilipenyeza maneno yanayoacha shaka. Na waandishi walidhani wanasifu! Basi ukimaliza rasimu, fanya jaribio la bei rahisi: mbadilishie jinsia. Kama jina lingekuwa la mwanamume, ungeandika kwamba ana upendo wa baba kwa wanafunzi na kwamba pamoja na kulea familia ameweza kuchapisha? Kama ungeona aibu, futa.

Kuhusu wadhamini wa nje. Kama vigezo vinataka watatu, tafuta watano. Watatu wasiwe wamewahi kuandika naye, kusoma naye, wala kusimamiwa naye. Angalau mmoja awe nje ya Afrika Mashariki, si kwa sababu mzungu anajua zaidi, bali kwa sababu kamati itataka kuona kazi imevuka mpaka. Wawili wawe wa huku huku barani, Nigeria kwa mfano, ambako muhogo hulimwa kuliko nchi nyingine yoyote duniani na wajuzi wake ni wengi. Usiombe "barua ya kumuunga mkono". Omba tathmini. Uliza maswali mawili: ni kazi ipi kati ya hizi imebadilisha fani, na je, katika chuo chako angekuwa katika ngazi hii? Mtumie kila mmoja wasifu, makala tano zilizochaguliwa na mama mwenyewe, na nakala ya vigezo. Wape wiki sita, wakumbushe baada ya nne. Barua ziende moja kwa moja kwa msajili au kwa mkuu wa kitivo, zisipitie kwako. Na mtu akikuambia "niandikie rasimu, nitaweka sahihi", mshukuru umwache. Nimeshakuambia yaliyonipata.

Tarakimu utadaiwa. Kile kipimo wanachokiita h kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Kwa mtu wa fizikia au tiba, 20 yaweza kuwa ndogo; kwa mtu wa magonjwa ya muhogo, ambako watafiti duniani si wengi, yaweza kuwa kubwa sana. Kamati haitajua hilo usipoiambia. Kwa hiyo usiweke tarakimu peke yake. Iweke pamoja na za maprofesa wawili au watatu wa fani ileile, wenye umri wa kazi unaolingana, na useme umezitoa wapi na tarehe gani, kwa sababu mitandao inayohesabu marejeo, kama Google Scholar na Scopus, haitoi hesabu moja.

Kisha kagua majina. Huku kwetu hili ni balaa. Fikiria ni wangapi wanaitwa J. Nakato, nchi ambayo jina hilo wanapewa pacha wa kike wa pili wa kila familia ya Kiganda. Nimewahi kuona profesa wa fasihi akihesabiwa makala tatu za malaria, na mwingine amegawanyika mara mbili kwa sababu kabla ya kuolewa aliandika kwa jina la baba yake. Msaidie mama afungue namba ya ORCID kama hana, zile tarakimu 16 zinazomtenganisha mtu na wajina wake, na apitie orodha mwenyewe mstari kwa mstari. Makala zilizotoka kwenye majarida ya nyumbani, kama lile la sayansi ya mazao Afrika lililoanzia Makerere mwaka 1993, na ripoti zilizobaki kwenye makabati ya wilaya, ziorodheshe kando kwa maelezo ya mstari mmoja: nani alizitumia. Pengine hapo ndipo kazi yake kubwa imelala.

Umeuliza juu ya maneno ya watu. Yatakuwepo. Watasema ni mtu wa kwenu, au wa dhehebu lenu, au kwamba mkuu wa idara analipa fadhila. Ukishatangaza uhusiano wako, ukaondoka kitini, na wadhamini wakaandika bila kupitia kwako, umefanya linalowezekana. La kuongeza ni moja: kwenye kikao cha idara, kabla ya kutaja jina lake, waombe wenzako wote walete majina. Labda atatokea mwingine. Akitokea na faili lake likawa zito, pelekeni hilo, na la mama lisubiri mwaka ujao likiwa limeshakamilika. Najua hili hulipendi. Lakini likipita jina lake baada ya kupimwa na jingine, nani atasema lilipita dirishani?

Na likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, lihifadhi faili zima, na baada ya mwaka ubadilishe aya ya kwanza na mdhamini mmoja au wawili. Wengi niliowaona wakipata walipata mara ya pili.

Muda umebana, kwa hiyo ukisoma hii wikiendi, Jumatatu nenda kwake. Si ofisini, nyumbani, jioni. Usiende mikono mitupu, peleka hata mkate na sukari. Zima simu. Na usianze na cheo. Muulize kuhusu mwaka ambao mihogo yote ilikufa, alikuwa wapi, na nani alimwita kwanza shambani. Uwe na daftari.